Toazi Halichoki

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu kuliko uvumilivu wa watu. Mabati ya ukumbi uliokuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji yalianza kulia tangu saa nne asubuhi, yakitanuka kwa joto, na ilipofika saa nane mchana ungedhani juu ya paa kuna kundi la ndege wanaobangua mbegu. Ndani ya ukumbi huo, ambao kuta zake zilibandikwa trei za mayai na mablanketi makuukuu ili sauti isirudi, alifanya kazi kijana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Mafuta.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mwimbaji wa kundi lililokuwa likirekodi pale, kwa sababu mkononi mwake halikukosekana kopo la mafuta ya cherehani. Alikuwa amelelewa miaka kadhaa na mjomba wake, fundi cherehani, na mjomba huyo alimrithisha imani moja tu kuhusu vyombo: kinacholia kipake mafuta, na kisicholia kipake pia, kisije kikaanza. Mafuta aliishika imani hiyo kama wengine walivyoishika katekisimu. Alipaka bawaba za mlango wa studio. Alipaka stendi za vipaza sauti. Alipaka pedali ya ngoma kubwa ya kaka yake mpaka ikawa haina sauti nyingine ila ile iliyokusudiwa.

"Huyu ipo siku atatupaka na sisi," alisema mwimbaji, "ili tusikwaruzane."

Kaka yake aliitwa Radi, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi hilo, Jiwe Kavu. Walikuwa watu wanne waliopiga roki katika mji ambao majirani waliuita mtindo huo muziki wa kuvunja vyombo. Radi alimzidi Mafuta miaka saba. Baba yao alipofariki, ni Radi aliyemshika mdogo wake mkono hadi mlangoni mwa darasa la kwanza, na ni yeye aliyemwombea kazi ya kuangalia mitambo ya studio. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono usioyumba. Mwenye Studio, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikuwa na mazoea ya kuitazama saa yake ya mkononi Radi anapopiga, kisha kuitikisa saa, kana kwamba yenye makosa ni saa.

Sasa ukumbi ule ulikuwa mdogo, na ngoma za Radi zilimeza kila kitu. Kwa hiyo Mwenye Studio alibuni utaratibu wake. Asubuhi Radi alipiga peke yake, wenzake wakimwongoza kwa magitaa yasiyowashwa, na mashine ya kwanza ikanasa ngoma kwenye utepe. Mchana mashine hiyohiyo ilizicheza ngoma zile, wenzake wakapiga na kuimba juu yake, na mashine ya pili ikanasa vyote kwa pamoja. Utaratibu ulimfaa Radi, maana alikuwa na zamu ya mchana ghalani, alikopima mizigo. Saa sita aliondoka na mfuko wake wa chakula, akiwa ameiacha mikono yake ndani ya utepe.

Jioni ya kuamkia siku ya kurekodi, Mafuta alifanya kosa ambalo halingefanywa na mtu asiye na mjomba fundi cherehani. Mashine ya kwanza ilikuwa ikilia kidogo. Mwenye Studio alikwisha kumkataza waziwazi: "Hiyo ipanguse vumbi tu. Mafuta yako mpelekee mjomba." Lakini mlio ulimkera, naye akaona matone matatu hayawezi kuua mtu. Hayakuua mtu. Yalitambaa usiku kucha hadi kwenye mpira mwembamba unaozungusha gurudumu la utepe, na kulipokucha mpira ule ulikuwa umevimba na kuteleza kama kipande cha sabuni. Alipoujaribu, ukakatika.

Zilibaki saa mbili. Mafuta alikimbia kwa fundi baiskeli wa kona, akaokota kipande cha tyubu kuukuu kwenye rundo la takataka, akakata pete nyembamba kwa mkasi na kuifunga pale ulipokuwa mpira. Mashine ikazunguka. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, tyubu ikashika, Radi akapiga nyimbo zote nane bila kurudia hata moja, akampigapiga mdogo wake begani na kwenda kazini.

Mchana nyimbo saba zilipita salama. Wimbo wa nane ndio uliokuwa mrefu kuliko zote, dakika saba, nao ulipoanza mabati yalikuwa yakilia na jasho likitiririka hadi kwenye nyaya. Katika dakika ya tano Mafuta aliliona gurudumu la utepe likichoka. Halikusimama. Lilipunguza mwendo tu, kwa ustaarabu, kama mzee anayepanda ngazi. Akaugusa mpira kwa ncha ya kidole. Ulikuwa umelainika na kurefuka. Mbele yake mwimbaji na wapiga magitaa, macho yamefumbwa, waliifuata ngoma ilikoelekea, wakashuka nayo polepole hadi pigo la mwisho.

"Radi ana akili!" mwimbaji alisema akijifuta uso. "Mmesikia alivyoushusha? Kama mtu anayeteremka kilima na mzigo kichwani."

"Ameushusha, au amechoka?" akauliza mpiga besi, wakacheka.

Mwenye Studio alikuwa nje, akibishana na mchapaji kuhusu kelele. Mafuta alifungua kinywa. Akafikiri: nitasema kesho. Akakifunga.

Santuri ilipotoka, ikiitwa Kuta Saba, Radi aliisikiliza nyumbani akiwa amesimama. Wimbo wa mwisho aliurudia mara tatu. Mara ya tatu alikaa.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

Mafuta alilishika jalada, akaligeuza upande wa pili.

"Nilipiga wima mpaka mwisho, mdogo wangu. Hivyo ndivyo nilivyojua. Kumbe mtu anaweza kulegea asijisikie." Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena. "Dereva asiyejua kuwa anasinzia, huyo si wa kupewa gari."

Hakupiga kelele wala hakulaumu mtu. Kabla mvua hazijaanza alikuwa amezitoa ngoma zake kwa shule moja, akaviweka vijiti juu ya kabati na kurudi ghalani kupima mizigo, kwa maana mizani, alisema, haimdanganyi mtu kuhusu uzito wake. Jiwe Kavu likabaki jina. Na Mafuta, ambaye alikuwa aseme kesho, aliona kwamba kesho ile imekwisha kupita. Sasa ingebidi aseme jambo la jana, na jambo la jana ni zito zaidi kulibeba. Kimya nacho hukomaa. Kikiwa kichanga mtu hukivunja kwa mkono mmoja. Kikikomaa huhitaji shoka.

Ikapita miaka arobaini na sita.

Mafuta alikuwa fundi redio, kisha fundi televisheni, kisha, dunia ilipogeuka, fundi simu. Kibanda chake kilikuwa kipana kiasi cha mtu mmoja na mawazo yake: meza yenye alama za moto wa chuma cha kulehemu, taa ya shingo ndefu, makopo ya skrubu ndogo yaliyoandikwa kwa herufi nzuri za shule ya misheni. Hapakuwa na kopo la mafuta. Wateja walidhani jina lake linatokana na biashara fulani ya zamani, naye hakuwasahihisha.

Siku moja binti pekee wa Radi, muuguzi, alikuja kibandani akitokea kazini, bado amevaa sare.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Simu imekufa tena?"

"Simu nzima. Kilichokufa ni adabu za watu. Tazama mwenyewe wanavyomtukana baba."

Mkusanyaji mmoja wa santuri za kale alikuwa ameipakia Kuta Saba kwenye tovuti ya wapenzi wa roki, mahali ambapo watu huandika uhakiki wa albamu na kuzipa nyota, kuanzia moja hadi tano. Chini ya picha ya jalada, lenye vijana wanne waliokunja nyuso kwa sababu ya jua na wala si kwa ukali, palikuwa na maoni mia tatu na kumi na mawili. Karibu yote yalihusu dakika mbili za mwisho za wimbo wa nane.

Mafuta alivaa miwani.

Mmoja aliyejiita Msumari alikuwa ametoa nyota tano. "Hizi dakika mbili ndizo roki yenyewe," aliandika. "Mpiga ngoma anakuzamisha taratibu kama nanga. Asiyesikia ukuu hapo apelekwe kwa daktari wa masikio."

Aliyejiita Sikio la Chuma alitoa nyota moja. "Na hiyo moja ni ya jalada. Mpiga ngoma kasinzia. Au kalewa. Kuanzia dakika ya tano anakokota miguu kama mtu anayetolewa harusini kwa nguvu."

"Kasinzia? Wewe ndiye uliyezaliwa umesinzia."

"Msumari, wewe hata kengele ya mlangoni ikiharibika utasema ni ubunifu."

"Kasikilize nyimbo za kubembelezea watoto, huku tuachie watu wazima."

"Watu wazima gani? Mimi nina wajukuu!"

Na wengine wakaingia, kila mmoja na upande wake, mpaka ilionekana kwamba nusu ya watu waliokuwa wamelala duniani walikuwa wameamshwa na ngoma ya Radi ili wagombane.

"Baba mdogo, wewe ulikuwapo," alisema binti. "Mwimbaji hayupo tena, wapiga gitaa hawapo. Mmebaki wewe na baba. Waambie hakuwa mlevi."

"Nitawaambia," alisema Mafuta, na sauti yake ikamrudia masikioni. Alikuwa ameitumia sauti hiyohiyo zamani, aliposema moyoni kwamba atasema kesho.

Alijisajili kwa jina la Mpitanjia. Ilimchukua alasiri nzima kuandika sentensi mbili, maana alizoea kuandika kwa kalamu na kufikiri kwanza. "Mpiga ngoma huyu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Wala hakuwa mzembe."

Majibu yalikuja kabla chai haijapoa.

"Ulimpima wewe?"

"Huyu ni shangazi yake, bila shaka."

"Mpitanjia, shika njia."

Msumari peke yake ndiye aliyemkaribisha. "Karibu upande wetu, ndugu. Kwa hiyo unakubali kwamba alipunguza mwendo makusudi?"

Hapo Mafuta alikwama. Akisema ndiyo, atakuwa amemvisha kaka yake kanzu isiyokuwa yake. Akisema hapana, Sikio la Chuma ameshinda. Katikati ya majibu hayo mawili palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, naye akakizunguka kwa uangalifu, kama mtu anayekwepa shimo alilolichimba mwenyewe. Akaandika: "Hakukusudia, wala hakulegea." Siku hiyo pande zote mbili ziliungana kwa mara ya kwanza, zikamwangukia yeye.

Kwa wiki tatu alijibizana nao. Kati ya kioo cha simu na kioo kingine, kati ya mteja na mteja, aliwasha yake na kusoma. Shingo ilimuuma na macho yakamchonyota. Lakini uchovu uliomlemea hasa haukuwa wa shingo wala wa macho. Ulikuwa uchovu wa mtu anayesukuma mlango kwa bega ilhali ufunguo umo mfukoni mwake.

"Mzee, unagombana na nani humo?" mkewe alimuuliza.

"Na watu."

"Unawajua?"

"Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hawanijui."

"Basi waage, uje ule. Watu wazima mnagombania ngoma iliyopigwa kabla sijaolewa!"

Juma la nne binti alipita tena. Safari hii alikuwa na furaha. "Tumekugundua, baba mdogo! Mpitanjia ni wewe. Nani mwingine siku hizi anaandika 'wala' kwenye mtandao? Namsomea baba kila Jumapili baada ya ibada, na nikifika kwako nasoma kwa sauti ya juu."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimewaka. Mafuta alikirudisha kwenye kishikio chake, polepole, kisimwunguze. "Unamsomea? Yote?"

"Yote. Alianza kwa kukataa, sasa ananiuliza mwenyewe: leo wamesemaje?"

"Naye anasemaje?"

"Anasema Mpitanjia ni mtu mwema, ila anamtetea mtu bila kuwa na hoja. Anasema katika wote hao, aliyesikiliza vizuri ni Sikio la Chuma."

Mafuta alichukua kitambaa, akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Unajua, baba mdogo," binti aliendelea, na furaha ilikuwa imempungua, "sijawahi kumwona akipiga hata meza kwa vidole. Kanisani wenzake wakipiga makofi, yeye hukunja mikono. Nilidhani ni tabia yake tu."

Jumapili iliyofuata Mafuta alivaa shati lake la mikono mirefu na kwenda kwa kaka yake. Nyumba ya Radi ilikuwa na baraza nyembamba yenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa miaka ya deki, na viti viwili vya plastiki, kimoja kikiwa na mguu uliofungwa waya. Radi alikaa kwenye kile chenye waya. Mgeni hupewa kizima. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mrefu bado, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Binti alileta chai, akakaa kwenye kizingiti na simu yake, tayari kusoma.

"Iweke kwanza, mwanangu," alisema Mafuta. "Kaka, nina neno."

"Lina miguu? Mbona umelileta umevaa hivyo?"

"Lina miaka arobaini na sita."

Radi alikitua kikombe chake.

Mafuta alisema yote. Alianza na mlio wa mashine na yale matone matatu, akaja kwenye mpira uliovimba, kisha kwa fundi baiskeli, kisha ubaridi wa asubuhi na joto la mchana na gurudumu lililochoka katika dakika ya tano. Hakujitetea kwa ujana wala kwa woga wa kufukuzwa kazi, ingawa yote mawili yalikuwa kweli. Aliongea akiitazama sakafu.

"Tyubu ya baiskeli," alisema Radi.

"Ndiyo, kaka."

"Nzima, au yenye kiraka?"

"Yenye kiraka."

Radi alitikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayehakikisha uzito kwenye mizani. Mdomo wake ulicheza. Huenda kilikuwa kicheko. "Kumbe nilishindwa na kiraka."

"Kaka, nisamehe. Nilikuwa niseme kesho yake."

"Kesho yake ningekupiga kofi, tukaenda tukarekodi upya." Aliinua mikono yake miwili na kuiweka magotini, viganja juu. "Wakati ule ilikuwa mizima, mdogo wangu. Sasa umeniletea habari njema, na mikono ya kuipokea haipo."

Binti alikuwa amesimama. Aliwatazama wote wawili, asijue amsogelee nani.

"Msindikize baba yako mdogo," Radi akamwambia. "Jua limepungua, atembee vizuri."

Katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kusindikizwa kabla ya kikombe cha pili. Mafuta aliinuka, akasema, "Kwaheri, kaka," akashuka barazani. Alikuwa amefika langoni aliposikia akiitwa.

"We Mafuta!"

Akageuka. Radi hakuwa ameondoka kitini.

"Mimi umeniambia baada ya miaka arobaini na sita. Hao watu wa nyota wewe waambie leo. Na uweke jina lako. Si hilo la Mpitanjia."

Aliandika jioni hiyohiyo, jua likiwa bado dirishani, mezani kwake, kwanza kwa kalamu kwenye karatasi, kisha akainakili kwenye simu. Alilifuta jina la Mpitanjia, akaweka jina lake la ubatizo na la baba yake. Kwenye nyota akabonyeza tano. Maneno yake yalikuwa haya:

"Mimi ndiye niliyeangalia mitambo siku ile. Mpiga ngoma alipiga asubuhi peke yake, wima mpaka mwisho, akaenda kazini. Mpira wa mashine nilikuwa nimeuharibu kwa mafuta, nikafunga wa tyubu ya baiskeli, na mchana, wenzake walipopiga juu ya ngoma zake, tyubu ikalegea kwa joto. Hakuna mtu aliyelegea. Anayetaka ushahidi alisikilize toazi, ile sahani ya shaba, katika dakika ya nne, kisha alisikilize katika dakika ya saba. Mpigaji akichoka, toazi halichoki. Sauti yake hubaki ileile, haiwi nene. Hili linashuka, kwa sababu lililochoka ni gurudumu. Mpiga ngoma ni kaka yangu. Aliacha ngoma kwa ajili ya wimbo huu, nami nilijua, nikanyamaza."

Sikio la Chuma alikuwa wa kwanza. "Tyubu ya baiskeli! Kesho atatokea aliyefunga kamba ya kiatu. Siku hizi kila mtu ni fundi mitambo."

"Mzee, hii hadithi tamu, watungie wajukuu."

"Mpitanjia na huyu ni mtu mmoja, angalieni anavyoandika 'mpigaji'."

Msumari alinyamaza siku mbili nzima, jambo lililotia watu wasiwasi. Siku ya tatu akarudi. "Nimelisikiliza toazi kwa spika za masikioni, mara kumi. Linashuka. Mzee anasema kweli." Kisha, baada ya saa moja, kwa kuwa mtu haachi ngome yake hivihivi: "Lakini basi hiyo tyubu ndiyo mpiga ngoma bora niliyepata kumsikia."

Wakaanza upya. Sasa hoja ilikuwa kama kosa la mashine laweza kuitwa sanaa, na kama nyota za msanii zapaswa kugawanywa na kiraka. Maoni yalipita mia nne. Mafuta aliyasoma yote na hakujibu hata moja. Siku ya sita aliona kwamba Sikio la Chuma ameurekebisha uhakiki wake. Neno "kalewa" lilikuwa limeondolewa, na "kasinzia" pia. Hakueleza sababu. Nyota aliiacha palepale, moja.

Binti alikuja kibandani Jumatatu. Hakuwa na haraka ya kusema, alisimama akivichezea vifuniko vya simu vilivyotundikwa mlangoni.

"Nilimsomea," alisema mwishowe. "Lile la toazi alitaka nirudie. Halafu akaniambia nimchezee wimbo. Akainua kidole kimoja hivi, akakaa nacho hewani mpaka mwisho. Akasema, 'Linashuka kweli.'"

"Basi?"

"Akaniambia nipande kiti, nimshushie vijiti juu ya kabati. Vilikuwa na vumbi nene. Alipiga kwenye mkono wa kiti, kidogo sana, pengine dakika moja. Vidole vikamkatalia. Akasema, 'Sasa ndiyo nimelegea,' akanirudishia. Lakini hakuniambia nivirudishe kabatini. Viko mezani."

Mafuta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Amenitumia salamu yoyote?"

"Amesema: mwambie nimesoma."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, baba mdogo."

Alimshukuru, akamwuliza habari za kazi, akampa kifuniko cha simu alichokuwa akikichezea. Alipokwenda zake, Mafuta aliifungua tovuti ile. Aligusa uhakiki wake mwenyewe, na mahali pa nyota akabadilisha tano kuwa nne. Chini ya maneno yake ya awali aliongeza mstari mmoja: "Nyota moja nimeiondoa. Hiyo ni ya fundi mitambo."

Tovuti inaonyesha kwamba mstari huo uliandikwa Jumatatu, saa tisa na dakika kumi alasiri. Hakuandika tena baada ya hapo.